Mama magoti yamesagika: tuuze michikichi tumchome sindano ya kuotesha gegedu?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nipo Kasulu. Mama yangu ana miaka 68, anaishi Ujiji na bado anauza dagaa Kibirizi. Magoti yanamsumbua, huu mwaka wa nne, la kulia ndilo zaidi. Kupanda anajitahidi, kushuka mteremko ndiko kunakomliza. Alipigwa picha, tukaambiwa gegedu limelika na ute umekwisha. Ana presha, anatumia losatani na dawa ya kupunguza maji. Maumivu yakizidi anajinunulia diklofenaki dukani. Uzito ulikuwa kilo 88 mara ya mwisho. Sasa ndugu yetu aliyeko Dar ametutumia tangazo la kliniki inayochoma "vichocheo vya ukuaji" vinavyootesha gegedu upya: sindano tatu, milioni nne na nusu. Kuna picha za kabla na baada, na wanasema utafiti umechapishwa Marekani. Wadogo zangu wanataka tuuze ekari mbili za michikichi zilizoko Simbo. Tiba hii ni ya kweli? Na je, mama aendelee kujichua na mawese ya moto kila usiku kama anavyofanya?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole kwa kuuguza. Nianze na ekari: msiuze. Michikichi ya Simbo iacheni izae. Sababu nitazieleza kwa kirefu kwa kuwa tangazo mlilotumiwa si uongo mtupu. Lina ukweli ndani yake, na ndio maana limewashawishi watu wenye akili zao.

Ila kuna jambo haliwezi kusubiri maelezo marefu. Mama anameza losatani, anameza dawa ya kupunguza maji, halafu juu yake anaongeza diklofenaki. Hizo tatu zikikutana ndani ya mtu wa umri wake zinaweza kuangusha figo, tena kimyakimya, bila maumivu yoyote ya kumshtua. Diklofenaki peke yake pia hupandisha presha ile ile anayoitibu. Mpigie simu leo aache vidonge vya diklofenaki. Dawa za presha asiziguse. Wiki hii hii apimwe presha na damu ya kuangalia figo, pale hospitali ya Maweni au kituo chochote chenye maabara. Maumivu yakimbana, ameze parasetamoli, isizidi vidonge sita vya miligramu 500 kwa siku nzima. Haina nguvu kubwa kwa goti la namna hii, lakini haimwekei figo rehani. Kama anaona diklofenaki ndiyo inayomsaidia, ipo ya kupaka, jeli. Inafanya kazi kwenye goti kwa sababu goti liko karibu na ngozi, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Hata hiyo aanze nayo baada ya majibu ya figo.

Sasa turudi kwenye tangazo.

Ukinunua mguu wa ng'ombe sokoni ukaupasua pale kwenye kiungo, utaona kitu cheupe, kinachong'aa, kinateleza ukikigusa, kimefunika kichwa cha mfupa. Hilo ndilo gegedu. Ndani ya goti la mtu lina unene wa milimita chache tu, na nyuma ya pia ya goti ndipo linapokuwa nene zaidi. Sehemu yake kubwa ni maji, kati ya asilimia 65 na 80. Kilichobaki ni nyuzi za kolajeni na protini zinazoyashika yale maji yasitoroke. Chembe hai zilizomo ni chache mno, kila moja imekaa peke yake kwenye kijishimo chake, na ndizo pekee zenye kazi ya kutengeneza na kukarabati. Mshipa wa damu haufiki pale. Jeraha la ngozi hupona kwa sababu damu huleta chembe mpya na vifaa vya ujenzi, gegedu halina bahati hiyo. Mwaka 1743, tabibu Mskoti William Hunter aliwaandikia wenzake London kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karibu miaka mia tatu imepita na wanaotafuta namna ya kumpinga bado wapo kazini.

Kitu kingine kisichofika kwenye gegedu ni neva. Naomba ulitilie maanani hili, maana hesabu yote ya milioni nne na nusu inaanguka hapa. Gegedu haliumi. Ukilikuna, mwenyewe hasikii. Kinachouma kwa mama ni vitu vingine vilivyo jirani: mfupa ulio chini ya gegedu, utando unaozunguka kiungo unapovimba, kano zinazovutwa, na misuli ya paja iliyochoka kubeba. Kwa hiyo kuna watu ambao picha zao zinatisha na bado wanapanda mlima, na kuna wengine picha zao ni za wastani lakini usiku hawalali. Kila daktari wa mifupa anawajua wa aina zote mbili.

Na ule "ute umekwisha" mlioambiwa, kila mtu siku hizi anaambiwa hivyo, kuanzia hospitali hadi kwenye vipaza sauti vya wauza dawa stendi. Ukweli ni kwamba goti lililosagika likivimba, ute mara nyingi huwa mwingi kupita kawaida, ila umekuwa mwepesi. Mkiambiwa tena kuna dawa ya kunywa inayorudisha ute, mjue mnauziwa maneno.

Vichocheo vya ukuaji ni nini basi? Ni protini ndogo ambazo mwili wenyewe huzitengeneza. Chembe moja huitoa, nyingine huipokea na kuamriwa: zaa, jenga, au nyamaza. Visichanganywe na homoni ya ukuaji, ingawa kimoja kati yao hufanya kazi kwa amri ya homoni hiyo. Hicho kinaitwa IGF-1. Dalili zake za kwanza zilionekana mwaka 1957, watafiti William Salmon na William Daughaday walipogundua kwamba ndani ya damu kuna kitu kinacholifanya gegedu la panya livute salfa kwa ajili ya ujenzi. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Marekani alichukua mfupa uliotolewa chumvichumvi zake, akaupandikiza ndani ya msuli wa mnyama, na mfupa mpya ukaota palepale katikati ya nyama. Kilichofanya hivyo ni kundi la protini lililokuja kuitwa BMP. Baadaye zikajulikana nyingine, TGF-beta na FGF-18, zote zina mkono wao katika kujenga kiungo tangu mtoto akiwa tumboni.

Wazo la kuzichoma kwenye goti la mzee likaja lenyewe. Na ni wazo zuri, silicheki. Uzee unapoingia, kichocheo kinapungua na chembe za gegedu nazo zinakuwa nzito kuitikia hata kile kidogo kinachofika. Ukiongeza dozi ndani ya kiungo, labda zitasikia.

Tatizo la kwanza lilijitokeza kwa panya. TGF-beta ilipochomwa ndani ya magoti yao, gegedu lilichangamka kweli, lakini pembeni yakaota matuta ya mfupa na utando wa kiungo ukakakamaa. Ndiyo tabia ya vitu hivi: kichocheo hakijui mpaka. Kinaiambia kila chembe yenye masikio iote, iwe uliikusudia au hukuikusudia. Tatizo la pili ni kwamba protini ikichomwa ndani ya kiungo haikai, inasombwa haraka, kwa hiyo inabidi urudie na kurudia.

Aliyefika mbali zaidi katika mbio hizi ni FGF-18. Ilitengenezwa kama dawa iitwayo sprifemini, na nadhani huo "utafiti wa Marekani" ndio wanaousema kwenye tangazo, maana ulichapishwa mwaka 2019 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Unaitwa FORWARD. Ulihusisha watu 549 wenye magoti yaliyosagika, umri kati ya miaka 40 na 85. Wakagawanywa kwa kura. Wengine walichomwa dawa kwa dozi tofauti, wengine maji ya chumvi tu, na hakuna aliyejua amechomwa nini. Kila awamu ilikuwa sindano tatu, moja kila wiki, kisha awamu ikarudiwa baada ya miezi sita au mwaka. Baada ya miaka miwili wakapigwa picha za MRI, zile zinazoonyesha gegedu lenyewe. Waliopata dozi kubwa, mikrogramu 100 kila miezi sita, gegedu lao lilikuwa nene kuliko la wale wa maji ya chumvi kwa milimita 0.05.

Wewe ni mwalimu, chukua daftari la mwanafunzi ushike karatasi moja. Nusu ya unene wa karatasi hiyo ndiyo tofauti yote.

Hata hivyo sitaki kuibeza, kwa sababu gegedu la mtu mzima kuongezeka badala ya kupungua ni jambo ambalo halikuwa limezoeleka. Wanasayansi walikuwa na haki ya kufurahi. Ila soma mbele kidogo. Walipoulizwa maumivu, ugumu wa goti na uwezo wa kufanya kazi zao za nyumbani, wote walikuwa wamepata nafuu, hata waliochomwa maji ya chumvi, na kati ya makundi hayo hapakuwa na tofauti ya maana. Baadaye watafiti walirudi kwenye hesabu wakawachagua wale waliokuwa na maumivu makali na nafasi finyu zaidi ndani ya goti, wakaona dalili kwamba hao pengine walifaidika. Pengine. Ukichagua wachezaji baada ya mpira kwisha unaweza kupata timu iliyoshinda, kwa hiyo hilo linahitaji utafiti wake lenyewe. Mpaka naandika haya, sprifemini haijaidhinishwa kuuzwa. Aliyesema anaichoma kwa malipo, ama hana, ama ameipata kwa njia ambayo hutaki kuijua.

Sasa nikupe upande wa pili, ambao wenye tangazo hawawezi kuutaja. Kuna kichocheo kingine cha ukuaji, cha neva, kinaitwa NGF. Waliokigundua, Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1986. Hiki ndicho kinachochangia sana maumivu ya goti lililosagika. Likaja wazo la kinyume: badala ya kuongeza kichocheo, tukizuie. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, tanezumabu, ilipunguza maumivu kwa kweli. Lakini baadhi ya waliotumia, viungo vyao viliharibika kwa kasi, wengine wakaishia kubadilishiwa kiungo mapema. Machi 2021 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura 19 kwa 1 kuikataa, na mwaka huohuo kampuni ikaachana nayo.

Weka hizo mbili pamoja. Moja iliongeza gegedu, maumivu hayakujali. Nyingine iliua maumivu huku kiungo kikibomoka. Nikiwasikia watu wanauza sindano kwa kuonyesha picha ya gegedu, najua wanajibu swali ambalo mama hakuuliza. Mama anataka kushuka mpaka Kibirizi na ndoo yake bila kushika ukuta wa watu.

Na kuhusu hizo picha za kabla na baada: nimeziangalia zile ulizonitumia. Ni eksirei, si MRI. Eksirei haionyeshi gegedu hata kidogo. Inaonyesha pengo kati ya mfupa na mfupa, nasi tunakisia gegedu kutokana na pengo. Pengo hilo hubadilika mgonjwa akiwa amelala au amesimama, akikunja goti kidogo au akilinyoosha. Picha yao ya kwanza inaonekana ya mtu aliyesimama, uzito umelikandamiza goti. Kwenye ya pili, pia ya goti imekaa mahali pengine kabisa, yaani goti halikupigwa kwa mkao uleule. Naweza kukutengenezea "gegedu jipya" la namna hiyo kwa dakika kumi bila sindano yoyote. Na ya mama je, alipigwa amesimama au amelala? Kama alilazwa kitandani, safari ijayo mwombe fundi wa picha ampige amesimama, magoti yote mawili kwa pamoja. Ndiyo inayosema ukweli.

Nadhani najua kilichomo kwenye sindano ya hao watu. Kwa maelezo yale na bei ile, ni damu ya mama mwenyewe. Wanaivuta mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka itengane, kisha wanachukua sehemu yenye chembe sahani nyingi, zile za kugandisha damu, na kuichoma gotini. Inaitwa PRP. Chembe sahani zina vichocheo vya ukuaji ndani yake, hilo ni kweli, kwa hiyo wakisema "tunachoma vichocheo" hawajadanganya. Lakini kiasi gani, cha aina gani, hakuna ajuaye, inategemea mashine na damu ya siku hiyo. Australia waliifanyia jaribio zuri lililochapishwa 2021: watu 288, nusu PRP, nusu maji ya chumvi, sindano tatu kila mmoja. Baada ya mwaka, maumivu yalikuwa yamepungua kwa makundi yote mawili karibu sawasawa, na gegedu halikuwa na tofauti. Kuna tafiti nyingine ndogo zinazoisifia, sitakuficha, na madaktari ninaowaheshimu wanaichoma. Mtu mwenye fedha zake za ziada akitaka kujaribu, sitagombana naye. Kuuza shamba ni jambo jingine.

Mkitaka kumbana mwenye kliniki, mwulizeni jina kamili la kitu kilichomo kwenye chupa, si jina la huduma. Kama ni dawa, mwombeni namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na muihakiki wenyewe. Akisema ni "chembe shina", yaani chembe changa zinazoweza kugeuka aina nyingine, na "vichocheo" kwa pamoja, mwulizeni zimetoka kwa nani. Swali hilo si la uchokozi. Korea Kusini mwaka 2017 waliidhinisha tiba ya goti iliyokuwa na chembe zilizobadilishwa ili zitoe TGF-beta. Ikachomwa kwa zaidi ya watu 3,000. Mwaka 2019 ikabainika kwamba chembe zilizoandikwa kuwa za gegedu zilikuwa za figo, za jamii inayokuzwa maabara, na kibali kikafutwa. Hiyo ni nchi yenye maabara na wakaguzi wa kutosha. Na mwulizeni pia: goti likipata usaha baada ya sindano, mama akiwa amesharudi Ujiji, ni nani atakayelifungua na kulisafisha usiku ule? Kila sindano inayoingia ndani ya kiungo ina hatari hiyo, ndogo lakini ipo.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, mnayoweza kupewa hospitali ni jambo jingine tena, na nyingi hutolewa. Goti likivimba na kuwaka, moja inaweza kumpa nafuu ya wiki kadhaa. Isigeuke kuwa mazoea. Mwaka 2017 walichapisha utafiti wa watu 140 waliochomwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili: waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi ya waliopata maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti. Akiwa na kisukari, sukari nayo hupanda kwa siku chache.

Basi tufanye nini? Hapa ndipo watu huniona mchoyo wa dawa, maana jibu langu ni paja.

Msuli wa mbele wa paja ndio unaopokea uzito kabla haujafika kwenye goti, hasa wakati wa kushuka. Mama kusema kushuka ndiko kunakomliza kunanionyesha kwamba msuli huo umelegea. Chukueni kiti cha mbao, kile kigumu cha kulia chakula, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Akae ukingoni, nyayo zote sakafuni, mikono aikunje kifuani. Ainuke bila kujisukuma kwa mikono. Kisha akae polepole, akihesabu moja, mbili, tatu kabla makalio hayajagusa kiti. Kule kukaa polepole ndiko kunakojenga msuli, watu wengi hujibwaga na kupoteza nusu ya dawa. Akishindwa kuinuka, muweke mto juu ya kiti ili kiinuke, na mto utolewe siku atakapoweza. Afanye mara kumi, apumzike, arudie mara kumi nyingine. Kila baada ya siku moja inatosha. Usiku kabla ya kulala, anyooshe mguu kitandani, akunje khanga iwe mviringo, aiweke chini ya goti, kisha aibonyeze khanga kwa nyuma ya goti huku akikaza paja, ahesabu tano, aachie.

Ataumwa. Mwambie mapema, asije akaacha wiki ya kwanza. Maumivu ya wastani wakati wa zoezi si kwamba goti linasagika zaidi. Kama kesho yake asubuhi yamerudi yalipokuwa, aendelee. Kama goti limevimba na maumivu yamezidi siku nzima, apunguze idadi, asiache. Matokeo yataonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, si kabla. Maweni kuna watu wa mazoezi tiba, aende awaone hata mara mbili wamrekebishe mkao.

Kutembea nako kuna faida inayohusu gegedu lenyewe. Kwa kuwa damu haifiki, chakula chake hutoka kwenye ute, na ute huingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiwa. Ndiyo maana kumlaza mgonjwa wa magoti ni kumdhulumu. Msimzuie kwenda Kibirizi kwa huruma.

Ila muangalie anafanya nini akifika. Kama ninavyowajua akina mama wa pale, dagaa wanamwagwa chini, naye anachuchumaa au anainama saa nzima kuwatandaza na kuokota takataka. Kuchuchumaa kunaliminya goti kuliko kutembea. Dagaa wakianikwa kwenye kichanja cha usawa wa kiuno, goti linapumzika na dagaa hawali mchanga, bei inakuwa nzuri zaidi. Fedha ya mbao, misumari na wavu haifiki hata kipande cha hiyo milioni nne. Akitengenezewa na kigoda kirefu badala ya kile cha kukalia jikoni, na choo kikiwekewa kiti au hata mhimili wa kushika wakati wa kuinuka, mtakuwa mmempunguzia mizunguko mingi ya maumivu kila siku. Fimbo pia asiionee aibu. Aishike mkono wa kushoto, kwa kuwa goti baya ni la kulia. Wengi hushika upande uleule unaouma, na inawasaidia kidogo sana. Urefu wake uishie kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama wima.

Uzito nitausema haraka maana najua mama zetu hawapendi kusikia. Imepimwa kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Sitaki afunge. Ugali wa muhogo upungue kidogo, na mboga ya mawese isiogelee: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina kalori kama 120. Akitoka 88 akafika 82 atauona mteremko umebadilika.

Glukosamini na kondroitini, ambazo kliniki hizo hupenda kuongeza kwenye bili, zilijaribiwa Marekani kwa watu 1,583 na matokeo yakatoka 2006: kwa jumla hazikushinda vidonge visivyo na dawa ndani. Ruka.

Na kama baada ya miezi sita ya haya yote bado halali usiku na anashindwa kufika chooni, hapo tuzungumze kuhusu kubadilisha goti. MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanafanya. Ndiyo tiba pekee ninayoweza kukubali watu waiuzie kitu, kwa sababu ina kumbukumbu: katika nchi zinazotunza daftari za wagonjwa, zaidi ya magoti manane katika kumi yaliyobadilishwa yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Michikichi mtakayokuwa mmeiacha ndiyo itakayowalipia nauli ya treni na kukaa Dar.

Jambo moja la kumwuliza mama kabla ya yote: akiamka asubuhi, magoti yanachukua muda gani kulegea? Kama ni chini ya nusu saa, ndiyo kusagika tunakokuzungumzia. Kama ni saa nzima au zaidi, na vidole vya mikono navyo vinavimba, huenda ni baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, ambayo ina dawa zake tofauti kabisa na haipaswi kucheleweshwa. Na goti likiwa jekundu, la moto, na ana homa, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Mawese ajichue tu. Hayaingii kwenye kiungo wala hayaoteshi chochote, lakini mkono wenye joto juu ya msuli uliokaza unatuliza, na yeye analala vizuri. Yawe ya uvuguvugu, si ya moto wa kuunguza, na siku goti limevimba na linawaka asichue kabisa, aweke kitambaa cha maji baridi kwa robo saa. Majibu ya figo yakitoka nitumie, nikuambie kama jeli aanze.